Kufunga na Kisukari cha Aina ya Kwanza: Chakula Kinaweza Kungoja, Insulini Haingoji

Kila mwaka misimu ya kufunga ikikaribia, iwe ni Kwaresima, iwe ni Ramadhani kwa majirani zetu Waislamu, au yale maombi ya siku tatu ambayo makanisa mengi huitisha, kuna swali moja ambalo hurudi: "Mtu wa sukari anaweza kufunga?" Wengi wetu hujibu haraka haraka. Mmoja husema, "Afunge tu, Mungu atamlinda." Mwingine husema, "Si sukari ndiyo imezidi mwilini? Akikaa njaa si itashuka?" Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, majibu haya yote mawili yanaweza kuleta kifo.

Chukua mfano huu. Msichana wa kidato cha tatu amekuwa akijidunga insulini tangu akiwa darasa la nne. Kanisa lao limetangaza maombi ya siku tatu bila kula. Anamwambia mama yake, "Mama, nami nataka kufunga kama wenzangu." Mama anamjibu, "Sawa mwanangu, lakini kama huli, basi usijidunge, maana hiyo dawa ni ya kuteremsha sukari." Mama amesema kwa upendo, tena maneno yake yanaonekana yana akili. Siku ya pili msichana anatapika. Anahema kama mtu aliyetoka mbio, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Watu wanasema ni roho mbaya inapigana naye, wanaendelea kuomba. Kumbe damu yake imejaa asidi, na saa zinahesabika.

Mfano huu tumeutunga ili tufundishane, lakini dalili zilizomo ni za kweli, na kosa lenyewe hufanyika. Katika toleo hili tutaeleza kwa nini hutokea, vipimo gani huonyesha kwamba mwili unaharibika polepole, kufunga hufanya nini kwa vipimo hivyo, na kikundi chenu kinaweza kusaidia namna gani.

AINA MBILI, SI MOJA

Watu husema "ugonjwa wa sukari" kana kwamba ni mmoja. Aina ya pili ndiyo iliyo na watu wengi zaidi. Huwapata sana watu wazima, na mwili wao bado hutengeneza insulini kiasi, ila haifanyi kazi vizuri. Wengi hutumia vidonge.

Aina ya kwanza ni tofauti. Huanza mara nyingi utotoni au ujanani, ingawa hata mtu mzima anaweza kuipata. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, na ndani yake mna chembe zinazotengeneza insulini. Katika aina ya kwanza, askari wa mwili wenyewe, wale wanaopigana na magonjwa, hukosea na kuziharibu chembe hizo. Insulini hukauka. Ugonjwa huu haukuletwa na kula sukari nyingi, wala si laana, wala si kosa la mama. Mtu huyu lazima apate insulini kutoka nje, kwa sindano au kwa pampu, kila siku ya maisha yake.

Shika jambo hilo, kwa maana yote yanayofuata yanategemea hapo.

MWENYE FUNGUO ZA GHALA

Wengi tumefundishwa kwamba insulini ni ufunguo unaofungulia sukari mlango iingie kwenye misuli. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu tu ya kazi yake. Insulini pia ndiyo inayoshika funguo za ghala.

Tunapokula ugali, viazi au githeri, sukari nyingine hutumika papo hapo, na nyingine huwekwa akiba kwenye ini. Ini ndilo ghala letu la karibu. Mafuta ya mwili ni ghala kubwa la nyuma. Mtu mwenye afya akifunga, insulini yake hupungua, na ini huanza kutoa akiba kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula. Akiba ya ini ikielekea kwisha, yaani kama baada ya siku moja hivi, mwili hugeukia mafuta. Mafuta yakichomwa hutoa vitu vinavyoitwa ketoni, ambavyo ni chakula cha akiba na pia vina asidi.

Kwa mtu mwenye afya hakuna hatari, kwa sababu ile insulini kidogo iliyobaki inasimama mlangoni na kusema, "Toeni, lakini kwa kiasi." Ni kama mwenye ghala anayempimia kila mtu debe lake.

Sasa, kwa mwenye aina ya kwanza ambaye hajadunga sindano, mlangoni hakuna mtu. Ini linamwaga sukari usiku na mchana ingawa hajala hata tonge. Mafuta yanachomwa bila kizuizi, ketoni zinajaa, na damu inakuwa na asidi. Ndiyo maana mtu huyu anaweza kukaa njaa siku mbili na bado sukari yake ikawa juu sana. Sukari hiyo inatoka ndani yake mwenyewe.

HATARI MBILI

Hatari ya kwanza ni sukari kushuka. Mtu amedunga insulini ile ile ya kila siku, lakini hajala. Insulini inaendelea kufanya kazi, na sukari inashuka chini ya 4 kwenye mashine ya kupimia. Atatetemeka, atatoka jasho baridi, moyo utamwenda mbio, atasikia njaa kali, kisha atachanganyikiwa, apate kifafa au azimie. Mtu ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara huzoea, hata dalili za kumwonya zikapotea. Huyo huanguka ghafla.

Hatari ya pili ni asidi ya ketoni, ile ya msichana katika mfano wetu. Mtu ameacha insulini, au ameipunguza mno. Atakojoa sana, atakuwa na kiu, tumbo litamwuma, atatapika, atahema kwa nguvu na kwa kina, na akili itapotea. Bila hospitali, atakufa. Hii haitibiwi kwa maji ya chumvi na sukari nyumbani.

Mnaona basi ugumu wake. Akila kidogo na kudunga nyingi, anashuka. Akiacha kudunga, anaungua. Njia iliyo katikati ni nyembamba, na haipatikani kwa kubahatisha.

WAKATI KUFUNGA KULIKUWA NDIYO DAWA

Kuna wakati madaktari wenyewe waliwatibu watu hawa kwa njaa. Kabla ya insulini kupatikana, daktari mmoja wa Marekani, Frederick Allen, aliwapa wagonjwa chakula kidogo mno ili sukari isipande. Baadhi yao waliongezewa miezi au miaka michache, lakini walikonda wakabaki mifupa, na wengine walikufa kwa njaa yenyewe. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa msichana Elizabeth Hughes, aliyeanza mpango huo mwaka 1919.

Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kupata insulini kutoka kwenye kongosho la wanyama. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kudungwa. Mwaka huo huo Elizabeth naye alianza kudungwa, akarudi kula kama watoto wengine. Alikua, akaolewa, akazaa, na alifariki mwaka 1981. Basi mtu akikuambia leo kwamba njaa huponya kisukari cha aina ya kwanza, mwambie jambo hilo lilijaribiwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kilichookoa maisha ni insulini.

VIPIMO VINAVYOONYESHA MADHARA YANAYOKUJA

Hatari zile mbili ni za ghafla. Lakini kisukari pia kina madhara yanayokuja polepole kama mchwa kwenye nguzo. Sukari ikikaa juu miaka mingi, huharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu, na mishipa mikubwa ya moyo. Mtu hasikii kitu mpaka nyumba iangukie upande mmoja. Kwa hiyo kliniki hutumia vipimo vinavyoonyesha mapema:

1. HbA1c, ambacho wengi wanakiita "sukari ya miezi mitatu". Sukari hunata kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi karibu siku 120, kipimo hiki huonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Watu wazima wengi wenye kisukari huambiwa walenge karibu na asilimia 7, lakini daktari hupanga kwa kila mtu.

2. Albumini kwenye mkojo. Hii ni protini. Figo nzima haiipitishi ila kidogo sana. Ikionekana kwenye mkojo mara kwa mara, chujio limeanza kutoboka.

3. Kreatinini kwenye damu, inayoonyesha figo zinasafisha damu kiasi gani.

4. Presha ya damu.

5. Mafuta kwenye damu, yaani kolesteroli na trigliseridi.

6. Kuangaliwa macho kwa kutiwa dawa ya kupanua mboni, na kupimwa miguu kama inahisi.

Je, vipimo hivi vina maana gani kwa maisha ya mtu? Kati ya mwaka 1983 na 1993 huko Marekani na Kanada kulifanywa uchunguzi mkubwa uliojulikana kama DCCT. Watu 1,441 wenye aina ya kwanza waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitunzwa kwa njia ya kawaida ya siku zile, na HbA1c yao ikakaa karibu na asilimia 9. Kundi la pili lilipima sukari mara nyingi na kudunga mara nyingi kwa siku, nao wakakaa karibu na asilimia 7. Katika kundi hilo la pili hatari ya kuharibika macho ilipungua kwa asilimia 76, mishipa ya fahamu asilimia 60, na figo karibu nusu. Lakini pia walipata mashambulizi makali ya sukari kushuka karibu mara tatu zaidi ya wenzao. Somo ni hili: kushusha wastani kunalinda mwili, na kushusha bila uangalifu kunaangusha.

KUFUNGA HUFANYA NINI KWA VIPIMO HIVI?

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa hiyo twende polepole.

HbA1c. Siku tatu za kufunga haziwezi kubadilisha sana wastani wa miezi mitatu. Tena wastani unaweza kuficha mambo. Fikiria mashamba mawili yaliyopata mvua sawa kwa msimu. La kwanza lilinyeshewa kidogo kidogo, na mahindi yakastawi. La pili lilipata mafuriko, kisha ukame wa wiki tano, kisha mafuriko tena. Ukipima mvua kwa jumla ni sawa, lakini nenda uone mavuno. Vivyo hivyo, mtu anayefunga vibaya anaweza kushuka hadi 3 mchana na kupanda hadi 18 usiku baada ya kula kwa pupa, na wastani wake uonekane mzuri. Kwa hiyo usiseme, "Nilifunga na HbA1c yangu ikateremka, basi kufunga kunanifaa." Pengine imeteremka kwa sababu sukari ilishuka mno mara nyingi, na hiyo si afya. Pia jueni kwamba mwenye ugonjwa wa selimundu, au aliyepoteza damu au kuongezwa damu, anaweza kupata jibu la HbA1c lisilo la kweli. Mweleze daktari.

Ketoni. Mtu yeyote akifunga muda mrefu anaweza kuonyesha ketoni kidogo. Kwa mwenye aina ya kwanza, hasa sukari ikiwa zaidi ya 14, ketoni ni kengele. Hapo hakuna kungoja jua litue.

Albumini na kreatinini. Mtu asipokunywa maji, damu hukauka kidogo na kreatinini inaweza kupanda kwa muda. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo na kazi ngumu pia zinaweza kuleta albumini ya muda. Kwa hiyo usipime figo katikati ya mfungo, ukapata jibu baya bure. Na kama figo zako tayari zimeanza kudhoofika, kukaa bila maji kutwa nzima ni kuzitwika mzigo zaidi.

Mafuta ya damu. Insulini ikikosekana, ghala la mafuta hubaki wazi, na trigliseridi hupanda. Kwa hiyo mfungo ulioambatana na kuacha sindano unaweza kuharibu hata kipimo ambacho watu hudhani njaa itakisafisha. Na wale wanaofungua kwa mandazi, viazi karai na soda, wasishangae.

Presha. Ukavu wa mwili unaweza kuishusha, mtu akisimama apate kizunguzungu. Hilo si pona. Usiache dawa za presha kwa sababu hiyo bila kuambiwa.

Kwa kifupi: kufunga siku chache hakupunguzi hatari ya madhara ya baadaye. Kinachoipunguza ni miaka ya sukari kukaa mahali pazuri siku baada ya siku. Lakini mfungo mbaya wa siku mbili unaweza kumpeleka mtu mochari.

Ni kweli huko Ulaya kumefanywa majaribio madogo ya kuwafungisha watu wenye aina ya kwanza. Lakini walikuwa watu wachache waliochaguliwa, chini ya macho ya madaktari, wakipimwa mara kwa mara, na insulini ilipunguzwa kwa hesabu, si kuachwa. Hilo si sawa na kufunga kijijini kwako ukiwa na mashine isiyo na vijikaratasi vya kupimia.

YALIYOONEKANA KWA WALE WALIOFUNGA

Uchunguzi ulioitwa EPIDIAR uliangalia watu 12,243 wenye kisukari katika nchi 13, kuhusu Ramadhani ya mwaka 2001. Kati ya wale wa aina ya kwanza, karibu asilimia 43 walifunga siku 15 au zaidi. Sukari kushuka hadi mtu kupelekwa hospitali kuliongezeka kutoka mara 3 hadi mara 14 kwa kila watu 100 kwa mwezi. Sukari kupanda vibaya, pamoja na asidi ya ketoni, kuliongezeka kutoka 5 hadi 17. Hatari zote mbili ziliongezeka pamoja, kama tulivyoeleza.

Tangu wakati huo insulini mpya na njia bora za kupima zimepatikana, na wako watu wenye aina ya kwanza wanaofunga salama wakisaidiwa na kliniki. Hata hivyo mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2021 kuhusu kisukari na Ramadhani unampimia kila mtu alama za hatari kabla hajafunga, na aina ya kwanza peke yake humwongezea mtu alama.

WASIOFAA KUFUNGA KABISA

- Aliyepata asidi ya ketoni, au aliyezimia kwa sukari kushuka, katika miezi mitatu iliyopita.
- Ambaye hasikii tena dalili za kushuka.
- Mama mjamzito anayetumia insulini.
- Mwenye shida ya figo au moyo.
- Mtoto mdogo.
- Anayeumwa kitu kingine, kama malaria au kuhara.
- Ambaye hana mashine ya kupima sukari, au hana insulini ya kutosha.

Hata asiye katika orodha hii asianze bila kuonana na daktari, ikiwezekana mwezi mmoja au miwili mapema. Daktari atabadilisha kiasi na saa za insulini. Usikopi kipimo cha mwenzako wa kliniki, maana mwili wake si wako.

Na aliyekubaliwa kufunga ashike haya: apime sukari mara kadhaa kila siku, insulini ile ya kudumu mwilini asiiache hata siku moja, asifunge peke yake bila mtu anayejua, na afungue mara moja sukari ikiwa chini ya 3.9, ikizidi 16.6, au akisikia vibaya. Hata ikiwa imebaki nusu saa tu jua litue, afungue.

KUNA MIFUNGO MINGINE AMBAYO HATUIHESABU

Wa kwanza ni ule wa hospitali. Mtu anaambiwa, "Kesho njoo bila kula, tupime damu." Anatoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi, anapanda matatu mbili, na anafika akakute foleni hadi saa sita. Mwenye aina ya kwanza akiambiwa hivyo, aulize pale pale: "Daktari, na sindano yangu nifanyeje?" Aombe awe wa kwanza kwenye foleni, na abebe chakula mfukoni cha kula akishatolewa damu. HbA1c haihitaji kufunga hata kidogo.

Wa pili ni mfungo wa umaskini. Ukame umekuja, unga umekwisha, au mwezi ni mrefu na pesa hakuna. Hapo wengi husema, "Leo sina chakula, sidungi." Sasa umejua kwa nini neno hilo ni la hatari. Mtu aliye na uhaba wa chakula awaambie kliniki waziwazi, bila haya, wampangie kiasi kinachofaa siku za njaa. Na kikundi kijue kwamba kwa nyumba hiyo, kilo mbili za unga ni sehemu ya dawa.

DINI HAZIMLAZIMISHI MGONJWA

Watu wengine wanaogopa kwamba wasipofunga watakuwa wamekosa imani. Basi wasikie. Kanisa Katoliki limeweka sheria ya kufunga kwa walio na miaka 18 hadi 59, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na wagonjwa wamesamehewa. Uislamu nao umemruhusu mgonjwa kula, na yule ambaye ugonjwa wake hauishi anaweza kulisha maskini badala yake. Katika makanisa mengine, zungumza na mchungaji wako. Wachungaji nao tunawaomba: mnapotangaza maombi ya kufunga, tangazeni pia kwamba wanaotumia insulini wasifunge chakula wala wasiache dawa. Tangazo la dakika moja linaweza kuokoa mtoto wa mtu.

Tena kufunga kuna njia nyingi. Mtu anaweza kuacha nyama, au soda, au simu na televisheni. Anaweza kutoa bei ya kitoweo chake kwa jirani. Anaweza kuomba saa moja zaidi huku tumbo lake lina uji. Asionekane mkristo wa daraja la pili.

KIKUNDI CHENU KIFANYE NINI

1. Jueni ni nani kati yenu, au watoto wenu, anayetumia insulini. Si siri ya kuona aibu.

2. Kwenye kesha na mikutano mirefu wekeni sukari na maji mahali panapojulikana. Mtu akitetemeka na kutoka jasho na bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Ngojeni dakika 15, mpimeni tena. Akipata nafuu, ale chakula.

3. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni, atapaliwa. Mlazeni kwa ubavu, mkimbizeni hospitali.

4. Anayetapika, anayehema kwa nguvu na kunuka matunda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Ombeni mkiwa ndani ya gari. Mwambieni daktari mapema: "Huyu ni mtu wa insulini, amekuwa hali."

5. Kikundi chenye mfuko wa akiba kinaweza kununua mashine moja ya kupima sukari, na kutenga nauli ya dharura. Kubalianeni kabla, ni gari la nani litaitwa usiku wa manane.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mtaa wetu, watu husema nini juu ya mtu wa sukari anayefunga? Ni maneno gani kati ya hayo ni ya hatari?

2. Kwa nini sukari ya mtu inaweza kupanda ingawa hajala?

3. Msichana wa mfano wetu angeanza kutapika kwenye kanisa letu, nani angekuwa wa kwanza kusema "hospitali"? Je, wengine wangemsikiliza?

4. Tuna nauli ya dharura? Kama hatuna, tutaianza lini?

Tunamrudia yule mama. Hakuwa mjinga, wala hakukosa upendo. Alikosa neno moja tu ambalo hakuna aliyemwambia. Basi wewe uliyesoma, mwambie jirani: chakula kinaweza kungoja, lakini insulini haingoji.